Undugu Uliogeuzwa Mtaji: Mfanyabiashara Jamaa ya Mtawala katika Fasihi ya Kenya, kwa Kuzingatia Kijiji cha Gatwekera

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili ya Kenya umezoea kumtazama mtawala dhalimu ana kwa ana. Tangu uhuru wa 1963, na hasa tangu KANU ilipofanywa chama pekee kisheria mwaka 1982, waandishi wamemchora mtawala huyu kwa majina na sura mbalimbali. Nao wahakiki wamemfuata kwa makini. Wamezihesabu dhambi zake, wakazipanga chini ya maudhui ya uongozi mbaya, ufisadi na ukandamizaji, kisha wakalishangilia anguko lake. Pembeni mwa mtawala huyo, hata hivyo, husimama mhusika mwingine ambaye uhakiki humpa aya moja au mbili tu. Huyu ni mkwe, binamu, ndugu au mwana wa mtawala. Hatamu za serikali hazimo mikononi mwake. Alicho nacho ni kampuni, kiwanja, leseni au hisa, na amekipata kwa sababu ya damu au ndoa.

Makala haya yanadai kwamba mhusika huyu ndiye bawaba inayouunganisha mlango wa ikulu na mlango wa duka, na kwamba kumpuuza kumewafanya wahakiki waisome vibaya miisho ya kazi kadhaa mashuhuri. Kazi zitakazochunguzwa ni riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Shetani Msalabani (toleo la Kiswahili la 1982), tamthilia ya Pauline Kea, Kigogo, iliyokuwa kitabu teule katika shule za upili za Kenya, na riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea (2012).

Kijiji cha Gatwekera, kimojawapo cha vijiji vinavyounda Kibera jijini Nairobi, kimechaguliwa kuwa mahali pa kuzipimia kazi hizi. Sababu ni moja. Mkazi wa Gatwekera hukutana na dola katika hotuba mara chache, bali kila mwisho wa mwezi hukutana nayo katika kodi ya chumba. Chumba hicho ni cha kuta za udongo na paa la mabati, na kwa kawaida huwa na upana wa futi kumi kwa kumi. Anayeipokea kodi mara nyingi ni wakala, na mwenye nyumba huishi kwingine. Msomaji wa namna hii huzijia kazi hizi na swali ambalo darasani haliulizwi: mtawala akishaanguka, kodi italipwa kwa nani?

2.0 Ukoo, Kampuni na Kodi: Muktadha wa Kihistoria

Mhusika jamaa ya mtawala hakubuniwa na waandishi. Katika miaka ya 1970, Udi Gecaga, mkwe wa Rais Jomo Kenyatta, aliongoza shughuli za kampuni ya Lonrho katika Afrika Mashariki na kuwa mjumbe wa bodi yake huko London. Lonrho, kampuni ya Kiingereza iliyokuwa na mashamba, viwanda na biashara ya magari, ilikuwa pia mmiliki wa gazeti la Standard tangu 1967. Kwa hiyo mkwe wa rais alikuwa karibu na mambo mawili kwa pamoja: mtaji wa kigeni uliohitaji mlinzi, na gazeti ambalo lingeweza kumchunguza mlinzi huyo. Haishangazi kwamba mfululizo wa makala kuhusu mali ya familia ya Kenyatta ulichapishwa mwezi Agosti 1975 na Sunday Times ya London, mbali na Nairobi.

Kenyatta alifariki tarehe 22 Agosti 1978. Mkwe hakudumu katika kiti kile baada ya mabadiliko ya utawala, lakini kiti chenyewe kilidumu. Baadaye kilikaliwa na Mark Too, mwandani wa Rais Daniel arap Moi na mbunge wa kuteuliwa. Mwaka 2001 Too alikiacha kiti chake cha bunge, nacho akapewa Uhuru Kenyatta, mwana wa rais wa kwanza. Kisa hiki kina mafunzo kwa mhakiki. Mkwe wa mtawala wa kwanza alimpisha mwandani wa mtawala wa pili katika kampuni, kisha mwandani akampisha mwana wa mtawala wa kwanza bungeni. Watu walibadilika ilhali nafasi ilibaki vilevile: nafasi ya yule ambaye mtaji humtafuta kwa sababu ya anayemjua na aliyezaliwa naye.

Historia ya Kibera inaonyesha sura ya chini ya jambo hilohilo. Ardhi hiyo, waliyokalishwa askari wa Kinubi waliolitumikia jeshi la Kiingereza, ilitangazwa eneo la kijeshi mwaka 1918. Baada ya uhuru ilihesabiwa kuwa mali ya serikali. Waliojenga vyumba vya kupangisha hawakuwa na hatimiliki. Walichokuwa nacho ni ruhusa ya chifu na maafisa wa utawala. Pale ambapo ruhusa hutolewa kwa mdomo, anayejulikana na mtoaji hupata, na asiyejulikana hupanga. Uchunguzi wa Syagga, Mitullah na Karirah Gitau wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wenye nyumba waliohojiwa Kibera walikuwa maafisa wa serikali na wanasiasa. Mwaka huohuo, mwishoni mwa Oktoba, Rais Moi alifika Kibera na kutamka kwamba kodi ilikuwa juu mno na ipunguzwe. Ghasia zilizuka kati ya wapangaji na wenye nyumba, na watu kadhaa wakauawa. Mtawala alinena kama mtetezi wa mpangaji, huku wengi wa wenye nyumba wakiwa watu wa utawala. Hakuna mtunzi wa tamthilia ambaye angeona haya kuiandika kinaya hiyo.

Ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyokamilishwa mwaka 2004, ilithibitisha kwamba ugawaji haramu wa ardhi ya umma ulikuwa utaratibu wa miaka mingi ulioandamana na siasa, na kwamba mara nyingi aliyegawiwa aliiuza ardhi hiyo haraka kwa mashirika ya umma au kwa watu wengine. Kwa maneno mengine, undugu na urafiki viligeuzwa karatasi, na karatasi ikageuzwa fedha. Huu ndio mchakato ambao fasihi ingepaswa kuuonyesha. Je, imeuonyesha?

3.0 Nasaba ya Mali: Shetani Msalabani

Katika Shetani Msalabani, wezi wa kisasa wanakusanyika pangoni Ilmorog kushindana kwa ufundi wa wizi. Wahakiki wengi wameishughulikia kejeli ya mashindano hayo, na ni haki yao, kwa maana kejeli ile imekolea. Kipengele kisichotiliwa maanani sana ni umbo la ushuhuda wenyewe. Kila mshindani, kabla ya kujigamba kwa ujanja wake, hueleza alikotoka. Gitutu wa Gataanguru anaanza na baba yake aliyejipatia ardhi kwa kuutumikia ukoloni. Ushuhuda wa mwizi, basi, ni utenzi wa nasaba. Ngũgĩ anatumia kaida ya kale ya kutaja ukoo kabla ya kutaja ushujaa, na anaigeuza iwe hati ya mashtaka.

Mbinu hii ina nguvu kwa sababu inaeleza mali kwa njia ya wakati. Tajiri wa riwaya hii hakuangukiwa na tamaa ghafla kama maradhi. Alirithi nafasi, akaitumia, na anakusudia kuirithisha. Hata mipango ya kichaa inayopendekezwa pangoni, kama ule wa Gitutu wa kuuza udongo na hewa kwa vipimo, au ule wa Kihaahu wa Gatheeca wa kuwauzia maskini nyumba ndogo mithili ya viota vya ndege, ina mantiki ya mrithi: kila kilichosalia bila mwenyewe kitafutiwe mwenyewe kabla hakijawa cha wote. Kwa msomaji wa Gatwekera, anayenunua maji kwa mtungi katika kibanda na kukodi chumba kisicho na hatimiliki, chumvi iliyotiwa katika kiota cha Kihaahu si nyingi kiasi cha kumfanya acheke bila kufikiri.

Udhaifu wa riwaya uko kwingine. Serikali yenyewe imewekwa mbali na pango. Polisi na askari hujitokeza kuwalinda wezi, lakini mtawala hana jina wala jamaa katika mashindano. Uhusiano wa mtaji na dola unadokezwa kitabaka, kifamilia hauonekani. Msomaji anajifunza kwamba matajiri ni ukoo, lakini hajifunzi jinsi ukoo huo unavyokula meza moja na ikulu.

4.0 Binamu na Soko: Kigogo

Pauline Kea anajaza pengo hilo kwa namna mbili. Kwanza, Majoka, mtawala wa Sagamoyo, ni mfanyabiashara yeye mwenyewe. Kampuni na shule zina jina lake. Soko la Chapakazi, ambalo wanyonge wanalitegemea kwa riziki, linafungwa kwa kisingizio cha uchafu ili ardhi yake ipate matumizi mengine yenye faida kwa wakubwa. Pili, pembeni mwake amewekwa Kenga, binamu yake na mshauri wake mkuu, ambaye naye anamegewa kipande cha ardhi hiyo.

Uhakiki wa shuleni humweleza Kenga kwa orodha ya sifa: mshauri mbaya, katili, mwenye tamaa, msaliti. Orodha hiyo ni sahihi, lakini haitoshi, kwani inamfanya mhusika bapa aliyeumbwa ili kumwonyesha Majoka kwa uwazi zaidi. Tukio kwa tukio, Kenga hufanya kazi maalumu ambayo Majoka hawezi kuifanya. Majoka ana kiburi, hasira na mapenzi ya zamani kwa Ashua yanayomsumbua. Anatawala kwa moyo uliochafuka. Kenga hana lolote la moyo. Yeye huyageuza matakwa ya bwana wake kuwa mipango: nani atishwe, nani ahongwe kwa keki ya sherehe, nani apewe kibali cha kuuza pombe. Mamapima anapouza kileo kwa idhini ya wakubwa, na walevi wa Sagamoyo wakalewa hadi wakasahau kwamba soko limefungwa, hapo biashara na utawala vimekuwa kitu kimoja. Biashara hiyo ndogo inaishi kwa neema ya wakubwa, kama ishivyo ile kubwa.

Jambo la pili linalopita bila kutajwa sana ni jinsi undugu unavyotumiwa kama hongo. Tunu, kiongozi wa wanaharakati, anapendekezewa na Majoka ndoa na mwanawe, Ngao Junior. Wahakiki wameliona pendekezo hilo kama dharau kwa mwanamke, nayo ni dharau kweli. Lakini lina maana ya kisiasa iliyo pana zaidi. Utawala wa Sagamoyo una njia mbili za kummaliza mpinzani: kumvunja mguu au kumfanya mkwe. Mkwe hawezi kudai haki, kwa sababu haki yake imekwisha kuwa fungu katika mali ya familia. Tunu anapokataa, anaikataa siasa nzima ambamo raia hupata haki kwa kuoana na wenye nchi. Upinzani wake hauishii kwa Majoka. Unaugusa undugu wenyewe uliotiwa bei.

Ni katika mwisho wa tamthilia ambapo kupuuzwa kwa Kenga kunaleta hasara kubwa. Umati unafurika penye lango la soko, Majoka anakosa hadhira katika sherehe yake, mkuu wa polisi anakataa kuwafyatulia watu risasi, na Kenga anamgeuka binamu yake. Usomaji uliozoeleka huuona ugeukaji huu kama ushahidi wa ushindi: hata mshauri mkuu ameuona ukweli. Usomaji huo hauungwi mkono na tamthilia yenyewe. Tangu mwanzo Kenga hana imani yoyote ya kubadilisha. Ana mahesabu tu. Anapomwacha Majoka, hesabu imebadilika, na mahesabu yake yanasema kwamba Majoka hafai tena. Wahenga walinena kwamba undugu ni kufaana, si kufanana. Methali hiyo iliyokusudiwa kuhimiza ukarimu inageuka, kinywani mwa mtu kama Kenga, kuwa kanuni ya biashara: ndugu asiyefaa si ndugu tena.

Kwa hiyo swali ambalo tamthilia inaliacha wazi, na ambalo wahakiki wamelifunga mapema, ni hili: kipande cha ardhi alichomegewa Kenga kina hali gani baada ya pazia kufungwa? Soko litarudi mikononi mwa wachuuzi, na Majoka ameshindwa, ilhali hakuna anayemwuliza binamu arudishe alichopewa. Kea hakumwadhibu Kenga. Huenda wengine wakaliona jambo hilo kama kasoro ya msuko. Makala haya yanalichukulia kuwa ndilo jambo la kweli kabisa katika tamthilia nzima.

5.0 Nasaba Bora na Mwana Aliyekataa: Kidagaa Kimemwozea

Ken Walibora anaingiza suala hili katika jina lenyewe. Mtawala wa Sokomoko anaitwa Mtemi Nasaba Bora, na jina hilo ni hoja: utawala wake umejengwa juu ya dai kwamba damu fulani ni bora kuliko nyingine, na kwamba ubora huo ni leseni ya kutwaa ardhi za watu kwa hati za kughushi. Nduguye, Mwalimu Majisifu, hana kampuni, lakini ana kitu kinachofanana nayo. Sifa yake ya uandishi imejengwa juu ya mswada wa Amani alioutwaa na kuuchapisha kwa jina lake. Ndugu mmoja ananyakua mashamba, mwingine ananyakua maandishi. Walibora anaonyesha kwamba tabia ya kujitwalia haikomei kwenye ardhi na fedha, bali huingia hata katika elimu na sanaa, mahali ambapo wasomi hupenda kujiona salama.

Mchango mkubwa zaidi wa riwaya hii ni Madhubuti, mwana wa Mtemi, ambaye anarejea kutoka masomoni ng'ambo na kuikataa kazi aliyotafutiwa kwa ushawishi wa baba yake. Katika fasihi ya Kenya, jamaa ya mtawala anayekataa fungu lake ni nadra. Kwa Madhubuti, undugu unarudi kuwa jambo la hiari. Mtu anaweza kuzaliwa ndani ya nyumba ya mtawala na bado akauliza nyumba hiyo ilijengwa kwa nini. Hapa Walibora amekwenda mbele ya Kea, ambaye jamaa wote wa Majoka ni washiriki wake au waathiriwa wake.

Hata hivyo, riwaya inamaliza tatizo kwa njia ya maadili. Mtemi anajitia kitanzi, Majisifu anafedheheka, na mwana mwema anasimama upande wa haki. Msomaji anaridhika kwa sababu kila mtu amepata stahili yake. Lakini wema wa Madhubuti ni wa mtu mmoja. Je, kama Mtemi angekuwa na wana watatu, na mmoja tu ndiye mwadilifu? Nafasi ambayo Madhubuti ameikataa itajazwa na nani? Historia iliyoelezwa katika sehemu ya pili inajibu kwamba nafasi ya namna hiyo haikai tupu kwa muda mrefu.

6.0 Hoja Pinzani

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba usomaji wa namna hii unaipunguza fasihi iwe ushahidi wa uchumi, na kumdai mtunzi ripoti ya tume badala ya sanaa. Pingamizi hili lingekuwa na uzito kama hoja ingesimama nje ya fani. Lakini hoja zote zilizotolewa hapa zimejengwa juu ya umbo: mpangilio wa ushuhuda pangoni, mgawanyo wa kazi kati ya Majoka na Kenga, pendekezo la ndoa, jina la Nasaba Bora, na nani anaachwa bila hukumu mwishoni. Mhakiki akilitazama umbo kwa makini, uchumi hujitokeza wenyewe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Undugu ni tunu katika jamii za Kiafrika. Ndiyo bima ya asiye na bima. Mkazi wa Gatwekera alipata chumba chake cha kwanza, yamkini, kwa kupokewa na ndugu aliyetangulia mjini. Je, si hatari kwa uhakiki kuuchafua undugu kwa sababu ya makosa ya wachache? Jibu ni kwamba fasihi yenyewe imekwisha kutenganisha aina mbili za undugu. Tunu na Sudi wa Sagamoyo hawaunganishwi na damu; wanaunganishwa na hasara moja na kazi moja. Amani na Imani wa Sokomoko wanakutana njiani wakiwa wageni kwa kila mmoja, kisha wanaishi kama jamaa. Undugu wa wanyonge hugawa kilicho haba ili wengi waishi. Undugu wa ikulu hukusanya kilicho cha wote ili wachache warithishane. Kuuita wa pili kwa jina la wa kwanza ndiyo hila kuu ya itikadi ya watawala, na si kazi ya mhakiki kuisaidia.

7.0 Hitimisho

Mnamo Desemba 2002 KANU ilishindwa katika uchaguzi mkuu baada ya kutawala tangu uhuru. Wakenya walisherehekea kama umati wa Chapakazi. Mwezi uliofuata wapangaji wa Kibera walidaiwa kodi ya vyumba vilevile, na miaka miwili baadaye Tume ya Ndung'u ikaeleza kwa kurasa nyingi jinsi mali ya umma ilivyokuwa imehamia mikononi mwa watu. Fasihi iliyowafundisha wasomaji kungoja anguko la kigogo haikuwa imewaandaa kwa mwezi huo wa pili.

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba lawama hiyo haiwaangukii watunzi peke yao. Ngũgĩ aliitaja nasaba ya mali, Kea akamwacha Kenga huru, Walibora akaonyesha kwamba fungu linaweza kukataliwa. Vidokezo vyote vimo katika maandishi; ni uhakiki, pamoja na miongozo ya mitihani inayouiga, uliovifunika kwa orodha za sifa za wahusika. Mwanafunzi anayeketi kwa mtihani na kuandika kwamba Kenga ni msaliti atapata alama zake. Mwanafunzi huyo akiwa ametoka Gatwekera, anastahili pia kuulizwa Kenga alimsaliti nani, kwa faida ipi, na alibaki na nini mkononi.

Kwa upande wa ubunifu, riwaya inayongojewa katika Kiswahili ni ile itakayoanza pale ambapo hizi zimeishia: mtawala amekwisha kuondoka, picha yake imeshushwa ukutani, na jamaa yake amesalia na kampuni, marafiki wapya na hati zenye mihuri halali. Mhusika mkuu wake huenda asiwe na jina la nyoka wala la nasaba. Huenda asionekane kabisa, ila kwa wakala wake anayepita mlango hadi mlango mwisho wa mwezi.